Dk. Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyefuata nyayo za seli zisizojua kukoma

MWAKA 1957, katika wodi ya watoto ya Hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari mpasuaji mmoja kutoka Ireland aliitwa na mwenzake, Dk. Hugh Trowell, amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mtoto huyo alikuwa amevimba taya zote mbili, ya juu na ya chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea na uso umepoteza umbo lake.

Daktari huyo aliitwa Denis Parsons Burkitt. Uvimbe wa taya haukuwa jambo geni kwake, lakini huu ulimtatiza. Jipu la jino huota upande mmoja. Saratani nayo kwa kawaida huanzia mahali pamoja. Iweje huu ujitokeze pembe nne kwa mpigo? Hakuwa na jibu. Alipiga picha, akaendelea na kazi zake.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja kikazi. Alipotupa jicho dirishani alimwona msichana mdogo ameketi nje na mama yake, uso umevimba vile vile. Alitoka, akampima, akakuta pembe nne za taya zimevimba na tumboni pia mna uvimbe. Mgonjwa mmoja wa namna ile angeweza kuwa ajabu tu ya siku. Wawili walikuwa jambo la kuchunguza. Alirudi Mulago, akafungua mafaili ya wagonjwa wa zamani, na humo akawakuta watoto wengine wengi.

Ndugu msomaji, leo nataka nikusimulie maisha ya mtu huyu, aliyefariki dunia Machi 23, 1993. Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Mutanga Sud, Bujumbura. Nilizaliwa na kusomeshwa ukimbizini, katika makazi ya Katumba, wilayani Mpanda, Tanzania, ambako wazazi wangu walikimbilia baada ya mauaji ya mwaka 1972. Nilirudi nchini mwaka 2009. Kila mwaka ninapofika kwenye somo la mgawanyiko wa seli, hakosekani mwanafunzi wa kuuliza: kwa nini seli zigawanyike? Kwa nini zisikue tu zikawa kubwa? Vitabu hujibu kwa mchoro. Mimi huongeza maisha ya Dk. Burkitt, maana ni habari ya kwetu. Imeanzia Uganda, imepita Kenya na Tanzania, na inatuhusu moja kwa moja sisi tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika.

Mtoto wa mchora ramani

Denis Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911, karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali katika jimbo lao. Kazi yake ya mshahara ilikuwa barabara na madaraja, lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege. Aliwanasa ndege wadogo wenye kifua chekundu waliokuwa bustanini kwake, akawavika pete miguuni ili kuwatambua mmoja mmoja, kisha akachora ramani inayoonyesha kila ndege anatawala eneo gani. Wataalamu wa ndege wanamkumbuka kwa kazi hiyo mpaka leo. Mwanawe naye, kama tutakavyoona, alikuja kufanya jambo lile lile kwa ugonjwa.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa jiwe usoni katika ugomvi wa watoto wa shule. Miwani ilipasuka, vioo vikaingia jichoni, na jicho hilo likapotea. Alikua na jicho moja tu. Alipofika Chuo cha Trinity, Dublin, mwaka 1929, alianza kusomea uhandisi kama baba yake, lakini baadaye akahamia udaktari. Alihitimu mwaka 1935 na kufuzu upasuaji mwaka 1938.

Alikuwa Mkristo mwenye imani kubwa na alitamani kufanya kazi Afrika. Alipoomba nafasi katika utumishi wa makoloni alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomfungulia mlango. Jeshi lilihitaji wapasuaji, naye alijiunga mwaka 1941 na kupelekwa Kenya, Somalia na Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Vita vilipokwisha aliomba tena, na mwaka 1946 alipangiwa Uganda.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, wilaya ya Lango. Huko aliwapasua wanaume wengi waliougua mshipa, yaani kujaa maji kwenye korodani. Aligundua kwamba wengi wao walitoka upande wa mashariki wa wilaya na wachache mno upande wa magharibi. Daktari mwingine angeendelea kupasua tu. Yeye alijiuliza kwa nini wa huku waugue na wa kule wasiugue. Baadaye ilibainika kwamba chanzo ni minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Mwaka 1948 alihamishiwa Mulago, akiwa amekwisha kujifunza kwamba mahali mgonjwa anapotoka ni sehemu ya ugonjwa wake.

Kwa nini seli hugawanyika

Kabla hatujaenda mbali, hebu tulijibu swali la wanafunzi wangu, maana bila jibu hilo hatutaelewa kilichowapata watoto wale wa Uganda.

Kila mama anayepika muhogo anajua kwamba vipande vidogo huiva upesi kuliko vikubwa. Joto huingia kupitia ngozi ya nje ya kipande, na kipande kidogo kina ngozi nyingi ukilinganisha na nyama yake ya ndani. Chukua kipande cha mraba chenye upande wa sentimita 1. Ngozi yake ni sentimita za mraba 6 kwa ujazo wa sentimita 1 ya ujazo. Sasa chukua cha sentimita 2. Ngozi yake ni 24, lakini ujazo ni 8, kwa hiyo kila sehemu moja ya ndani imebakiwa na ngozi 3 tu. Umekuza kipande, umepunguza njia ya kuingilia.

Seli nayo hupokea chakula na hewa, na kutoa uchafu, kupitia utando wake wa nje. Ikizidi kukua, ndani kutakuwa na njaa na taka. Ndiyo maana viumbe wakubwa hawana seli kubwa, wana seli nyingi. Seli ya tembo na ya panya hazipishani sana kwa ukubwa. Tofauti ni idadi.

Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni kukua: sote tulianza kama seli moja tumboni mwa mama, na mtu mzima anakadiriwa kuwa na seli trilioni 30 hivi au zaidi. Ya tatu ni kuziba mapengo. Seli nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo uboho ulio ndani ya mifupa hutengeneza mpya kiasi cha milioni 2 kila sekunde. Utando wa ndani wa utumbo hujisasisha kila baada ya siku chache. Ya nne ni ulinzi: kijidudu kinapoingia mwilini, seli nyeupe zinazokitambua hugawanyika haraka hadi zikawa jeshi.

Lakini seli haigawanyiki kwa kujiamulia. Hungoja ishara kutoka kwa jirani zake. Ikipata ishara, hunakili kwanza maelekezo yote ya urithi yaliyo katika kromosomu zake 46, kisha huvihakiki vile ilivyovinakili. Kukiwa na kosa husimama na kurekebisha, na kosa likiwa kubwa seli hujiua yenyewe kwa faida ya mwili mzima. Kuna pedali ya mafuta na kuna breki. Wanaoijua barabara ya kuteremka kutoka Bugarama kuja Bujumbura wataelewa kwa nini lori linahitaji vyote viwili. Saratani ni lori lililo kwenye mteremko ule, pedali imekwama na breki zimekatika.

Swali la Burkitt lilikuwa hili: ni nini kilichokwamisha pedali katika mataya ya watoto wa Uganda?

Safari ya kilomita 16,000

Mwaka 1958 alichapisha taarifa yake ya kwanza katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Ugonjwa wenyewe haukuwa mpya. Dk. Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa amewahi kuandika kumbukumbu za watoto wenye mataya ya namna hiyo, na wazazi wao waliujua kabla ya daktari yeyote. Jambo jipya lilikuwa kuunganisha taya, figo, ini na ovari, na kuona kwamba yote ni ugonjwa mmoja. Wataalamu wa Mulago, Jack Davies na Gregory O'Conor, walipochunguza vipande vya uvimbe walithibitisha kwamba ni saratani ya seli nyeupe za damu. Leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Kisha akafanya kama baba yake: akachora ramani. Alipata msaada wa pauni 25 tu, akachapisha vipeperushi vyenye picha na kuvituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote barani, akiuliza kama wameona watoto wa aina hii. Majibu aliyaweka kwenye ramani ofisini. Ulijitokeza mkanda uliokatiza katikati ya Afrika, wenye mkia ulioshuka upande wa mashariki hadi Msumbiji.

Ukingo wa mkanda huo ndio uliomvutia. Oktoba 7, 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Walisafiri wiki 10, wakateremka hadi Afrika Kusini na kurudi, kilomita zipatazo 16,000, wakapita katika hospitali 57. Safari nzima iligharimu pauni 678. Ilikuwa ndiyo miezi ambayo Tanganyika ilikuwa ikisubiri uhuru wake wa Desemba 9, 1961. Kila walipofika waliuliza swali lile lile na kuonyesha picha zile zile.

Walirudi na jibu lililowashangaza. Karibu na ikweta, ugonjwa ulikoma kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini ndivyo ulivyokoma kwenye mwinuko mdogo zaidi. Mwinuko wenyewe, basi, haukuwa sababu. Sababu ilikuwa joto. Ugonjwa ulihitaji mahali ambapo baridi haishuki sana chini ya nyuzi 16 na mvua si haba. Nani mwingine anayependa joto na mvua? Mbu.

Wataalamu walipolinganisha ramani ya Burkitt na ya malaria kali, zilifuatana. Katika visiwa vya Unguja na Pemba, ambako wakati huo malaria ilikuwa imedhibitiwa, ugonjwa ulikuwa adimu ingawa joto na mvua vipo tele.

Virusi vilivyosafiri kwa ndege

Machi 22, 1961, akiwa likizo London, Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo mtafiti kijana wa virusi, Anthony Epstein. Kabla mhadhara haujaisha alikuwa ameshawishika kwamba ugonjwa unaofuata hali ya hewa huenda unaenezwa na kijidudu. Walikubaliana kwamba vipande vya uvimbe vitatumwa kwa ndege kutoka Kampala.

Kwa karibu miaka miwili Epstein hakuona kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu kutua London, ikapelekwa Manchester. Mzigo ulipofika ulikuwa umechelewa, na maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Badala ya kumwaga, Epstein aliweka tone moja chini ya hadubini. Aliona seli za saratani zikielea zenyewe, hai na zenye afya. Hizo ndizo zilizokubali kuoteshwa maabara, na Februari 1964 hadubini ya elektroni ilionyesha virusi ndani yake. Yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza ugunduzi huo mwezi Machi. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu, na vinaitwa virusi vya Epstein na Barr.

Ajabu ni kwamba virusi hivi viko kwa zaidi ya watu wazima 90 katika kila 100 duniani. Huenezwa kwa mate. Watoto wetu huvipata wakiwa wadogo sana, na karibu wote havitawadhuru. Katika miaka ya 1970 watafiti walichukua damu za watoto wapatao 42,000 huko West Nile, Uganda, wakangoja kuona ni nani atakayeugua. Walioonyesha dalili za kuwa na virusi vingi mapema ndio waliokuwa katika hatari zaidi. Huko Mara, Tanzania, walijaribu kuwapa watoto dawa ya klorokwini kuzuia malaria ili waone kama saratani itapungua. Ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kushuka hata kabla ya jaribio, kwa hiyo matokeo hayakukata shauri.

Pedali iliyokwama

Jibu lililokamilika zaidi lilipatikana ndani ya seli yenyewe. Mwaka 1972 watafiti waliona kwamba katika seli za ugonjwa huu kromosomu namba 14 ina kipande kisicho chake. Miaka minne baadaye ilijulikana kwamba kipande hicho kimetoka kromosomu namba 8. Mwaka 1982 ikafahamika kilichobebwa na kipande hicho: jeni iitwayo MYC, ambayo kazi yake ni kuiambia seli igawanyike. Yaani ndiyo pedali ya mafuta.

Sasa tazama, ndugu msomaji, jinsi mambo matatu yanavyokutana. Seli nyeupe zinazotengeneza kingamwili hukata na kuunganisha upya jeni zao wenyewe, makusudi, ili kupata silaha bora. Malaria inapomrudia mtoto tena na tena, seli hizi hulazimika kugawanyika na kukatakata bila kupumzika. Kadiri mikato inavyozidi, ndivyo hatari ya kuunganisha vipande visivyohusiana inavyozidi. Siku moja MYC huangukia jirani na jeni ya kingamwili, ambayo katika seli hizi haizimwi kamwe. Pedali imekwama. Seli yenye kasoro kama hiyo ingepaswa kujiua, lakini virusi vya Epstein na Barr huisaidia ikwepe kifo. Breki nazo zimekwenda.

Matokeo yake ni uvimbe unaokua kwa kasi kuliko karibu uvimbe wowote wa binadamu. Unaweza kuwa maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mtoto aliyeonekana mzima mwanzoni mwa mwezi anaweza kuwa mahututi mwishoni mwake.

Kasi inayougeuka ugonjwa

Mulago ya wakati ule haikuwa na mashine ya mionzi. Kisu cha Burkitt kilikuwa kikiharibu nyuso za watoto bila kuwaokoa. Hivyo aligeukia dawa zilizokuwa zikianza kujaribiwa Marekani. Mafanikio yaliwashangaza hata waliozitengeneza. Watoto wengine walinywea uvimbe kwa siku chache baada ya dozi moja au mbili, na baadhi walipona kabisa.

Sababu yake inatokana na somo letu la seli. Methotrexate huzuia seli isipate malighafi ya kunakili urithi wake. Cyclophosphamide hugandisha nyuzi za urithi zisiachane. Vincristine, inayotokana na mmea wenye asili ya Madagaska, huvunja kamba ambazo seli hutumia kuvuta kromosomu pande mbili. Dawa zote hizi huipiga seli inapokuwa katika kugawanyika. Na katika uvimbe huu, karibu kila seli iko katika kugawanyika. Kile kinachoufanya uwe wa kutisha ndicho kinachoufanya utibike.

Mwaka 1967 ilianzishwa Taasisi ya Saratani ya Uganda hapo Mulago, kwa ushirikiano na Wamarekani. Wakati wa utawala wa Idi Amin wageni walipoondoka, Mganda Charles Olweny ndiye aliyeishika taasisi hiyo isizimike. Ni haki jina lake litajwe pamoja na la Burkitt, kama lilivyo haki kumtaja mpasuaji Sebastian Kyalwazi, aliyetafiti saratani Mulago katika miaka hiyo hiyo.

Yanayotuhusu sisi

Bujumbura iko chini ya mita 900 kutoka usawa wa bahari. Bonde lote la Imbo lina joto, mvua na mbu. Kwa kipimo cha Burkitt, tuko ndani ya mkanda. Nyanda za juu za Mugamba, zinazopita mita 2,000, ziko nje yake, ingawa janga la malaria la miaka 2000 na 2001 lilituonyesha kwamba mbu hajui mpaka.

Mtaani kwetu miaka michache iliyopita aliletwa mtoto wa miaka sita kutoka bondeni. Shavu lilikuwa limevimba. Kwanza ikasemwa ni jino, likang'olewa. Uvimbe haukupungua, ikasemwa ni mkono wa mtu, akachanjwa chale. Wiki sita zilipita kabla hajafikishwa hospitali. Alipoanza dawa, uvimbe ulinywea ndani ya wiki moja na uso wake ukarudi. Bibi yake alipita nyumba kwa nyumba akishukuru. Nauli na gharama zilikuwa zimewamaliza, na mtoto alikuwa anakimbia uwanjani, kwa hiyo wakamrudisha nyumbani kabla ya kumaliza mizunguko ya dawa. Seli zilizobaki hazikuonekana kwa macho. Baada ya miezi miwili zilikuwa zimejaza tumbo. Tulimzika mwanzoni mwa masika.

Simlaumu bibi yule. Macho yake yalimwambia mtoto amepona, na hakuna aliyekaa naye kumweleza kwamba katika ugonjwa huu seli chache tu zilizosalia ni uvimbe mpya wa mwezi ujao. Kwenye nchi tajiri, zaidi ya watoto 90 kati ya 100 wenye limfoma hii hupona. Katika nchi zetu, sehemu nyingi hata nusu hawafiki. Dawa nyingi ni zile zile. Tofauti ni kuchelewa, kukatisha matibabu, na uhaba wa huduma za kumsaidia mtoto mdhaifu astahimili dozi kali.

Mei 2006 serikali ilitangaza matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka mitano, hatua iliyookoa wengi. Lakini ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa miaka minne hadi tisa, yaani huzidi pale hasa ambapo bure inakoma. Wenye mamlaka walitazame jambo hilo. Aidha, mwaka 2023 Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotengewa dozi za mwanzo za chanjo ya malaria. Kila homa ya malaria inayozuilika ni mikato michache zaidi katika jeni za mtoto, kwa hiyo chandarua na chanjo vinalinda zaidi ya tunavyodhani.

Wazazi, taya linalovimba na kulegeza meno kwa muda wa wiki mbili tatu si la kung'olewa jino na kusubiri. Tumbo linalojaa upesi vivyo hivyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu hupanuka kila siku. Mpelekeni mtoto hospitali, ulizeni kama kipande kinaweza kupimwa, na dawa zikianza, msiache mpaka daktari aseme zimekwisha.

Miaka ya mwisho

Katikati ya miaka ya 1960 Burkitt alirudi Uingereza. Wengine wangepumzika kwa sifa walizokwisha kuzipata. Yeye alianza ramani nyingine. Akiwa na Trowell, rafiki yake wa Mulago, alijiuliza kwa nini saratani ya utumbo mpana, iliyojaa hospitali za Ulaya, ilikuwa nadra vijijini Uganda. Aliamini tofauti ni chakula: huku watu walikula maharage, mboga na nafaka zisizokobolewa, kule walikula mkate mweupe. Mwaka 1979 alitoa kitabu kuhusu nyuzinyuzi kilichosomwa kote duniani. Tafiti za baadaye hazikuthibitisha kila alichosema, lakini kuhusu saratani ya utumbo mpana nyingi zinakubali kwamba nyuzinyuzi hupunguza hatari. Leo watu wa mijini tunapoacha dona na sombe kwa mkate mweupe na soda, tunakwenda kule alikotoka yeye.

Alitunukiwa tuzo nyingi, ikiwemo ya Lasker ya Marekani mwaka 1972, mwaka ambao pia aliingizwa katika jumuiya ya kifalme ya wanasayansi ya Uingereza. Alifia Gloucester akiwa na umri wa miaka 82. Nyuma yake aliacha mke, Olive, aliyemwoa mwaka 1943, na mabinti zao watatu.

Wanafunzi wangu wakimaliza kusikia haya huuliza kama kweli mtu anaweza kufanya sayansi kwa gari kuukuu na pauni 25. Mimi huwaonyesha ramani ya Burundi iliyo ukutani, nikawaambia wahesabu vituo vya afya vilivyo kati ya Rumonge na Cibitoke, kisha kila mmoja aandike swali moja ambalo angependa kukiuliza kila kituo. Mwaka huu nimepata maswali 43. Mengine yanastahili safari.